Nilivyowachosha Hata Ndege

Wiki iliyopita binti yangu aliniambia ninaboo. Hakusema kwa ubaya. Tulikuwa jikoni hapa Garsen, mimi napepeta mchele mpya, yeye ameegemea mlango na simu yake, nami nilikuwa namweleza nilivyoupata ule mchele: nilimkuta nani njiani, tulisalimiana vipi, gunia lilifungwa kwa kamba ya aina gani na kwa nini haikuwa ile ya kawaida. Nilikuwa bado sijaufikia mchele wenyewe. Akainua macho akasema, "Mama, pole, lakini stori zako zinaboo sana." Nilicheka mpaka ungo ukanitoka mkononi. Maskini, alidhani ameniumiza. Hakujua kwamba hayo nimeambiwa tangu kabla sijaota meno ya pili, tena na mabingwa kuliko yeye.

Nilipoinama kuokota mchele uliomwagika, harufu ikanipanda. Mchele wa zamani haunuki kitu. Lakini ule uliotoka shambani juzijuzi una harufu ya majani mabichi na ya matope yaliyokaukia juani, na mimi nikiinusa hiyo nafika moja kwa moja kwenye dungu la mama yangu, kijijini kwetu karibu na Golbanti, mwaka ule ambao nusura nipelekwe Bura.

Niseme mapema msije mkanidai baadaye: mimi nilikuwa mtoto asiye na ladha. Sijidharau, naeleza tu. Nilikuwa naongea sana, hilo hakuna aliyelikana, lakini maneno yangu hayakuwa na chumvi. Nikitumwa dukani kwa Msomali kununua kiberiti, nikirudi nilikuwa na safari nzima ya kusimulia, kuanzia nilivyotafuta ndala, moja nikaikuta chini ya kitanda na nyingine nje ya mlango, na nilivyojiuliza ya nje ilifikaje nje. Kitu hakikutokea. Hakuna siku kitu kilitokea. Na bado sikuruka hata hatua moja, kwa sababu niliona kuruka ni kumnyima msikilizaji haki yake.

Watoto wenzangu waliniita Uji Mweupe, yaani uji usio na sukari wala ndimu wala maziwa, ule wa kumpa mtu anayeumwa tumbo. Jina hilo alinibandika Rehema, binti wa mama mkubwa, aliyenizidi umri kidogo na akili ya maneno kwa mbali sana. Rehema akisema paukwa, watoto walijibu pakawa hata wale waliokuwa chooni. Akinyamaza kidogo tu ili ameze mate, utasikia, "Halafu? Halafu?" Mimi nikisema paukwa, pakawa ilikuja kwa huruma, na kabla sijamaliza kueleza mtu wa kwenye hadithi aliamka saa ngapi, mkeka ulikuwa umebaki na mimi na kuku. Na katika utoto wangu wote mpaka siku hiyo ninayowapeleka, hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza "Halafu?" Nililitamani neno hilo kama watoto wengine walivyotamani viatu vya sikukuu.

Mtu mmoja tu hakunikimbia, Mama Godana, mama wa Kiorma aliyekuwa akituletea maziwa kwenye kibuyu. Kwao, kama mnavyojua nyinyi mliokaa nao, habari haikatwi. Mgeni akifika huulizwa watu, kisha ng'ombe, kisha ndama, kisha nyasi, kisha maji, na hakuna anayemharakisha. Basi Mama Godana alikaa kwenye kigoda chetu, akanisikiliza na ndala zangu na kiberiti changu, na kila nikimaliza jambo alijibu, "Ee." Nikiendelea, "Ee." Nilimpenda yule mama mpaka nikawa namvizia njiani.

Mwaka huo mto ulifurika vibaya. Ulipita na mahindi, ukapita na migomba yetu yote ya ukingoni, ukatuachia mchanga. Baba alikwenda Malindi kutafuta vibarua. Nyumbani tukabaki Mama, kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu aliyekuwa bado ananyonya. Tulichokuwa nacho ni mpunga wa bondeni peke yake, ambao Mama aliupanda maji yalipoanza kupungua, amezama kwenye tope mpaka magotini na mtoto mgongoni.

Mpunga ukiwa bado mdogo, akaja shangazi yangu, dada yake Baba, aliyekuwa akiishi Bura na mumewe kwenye mashamba yale ya mifereji ya serikali. Walizungumza na Mama uani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nachambua mboga, na nilichokisikia nilikisikia vizuri kabisa. Mama alisema, "Mpunga ukikataa, sitawaweza wote. Huyu utaondoka naye." Nikachungulia. Alikuwa ameelekeza kidevu upande wangu.

Sasa mtoto ni mtoto. Nilijiuliza kwa nini mimi, jibu nikalipata palepale bila kuuliza mtu. Kaka ana nguvu za kulima. Mdogo ananyonya. Mimi nachosha. Ushahidi nilikuwa nao: kila jioni nilikaa karibu na Mama kumpa habari za siku yangu, na kila jioni, kabla sijafika mchana, macho yake yalifumba. Mama yangu mzazi alikuwa amechoka na mimi kiasi cha kunipeleka Bura. Niliumia mpaka mboga nikaichambua pamoja na mizizi.

Nikaamua kujirekebisha. Jioni hiyo nilimweleza Mama nilivyokwenda mtoni, na safari hii nikamtia simba. Lakini nilipomtia tu ikabidi nieleze simba alitoka wapi, na kama alivuka mto au alikuwa upande wetu tangu mwanzo, na kama alivuka, mbona mamba hawakumgusa. Nikashughulika na mamba. Mama akalala simba akiwa bado majini. Nikajua ladha mtu huzaliwa nayo, haitiwi baadaye.

Likabaki tumaini moja, kwamba mpunga usikatae. Na adui wa mpunga, maji yakishakuwa mazuri, ni ndege. Mpunga ukianza kutia maziwa, wale kwelea wadogo wa midomo myekundu huja kwa makundi yasiyo na idadi, wakitua shambani asubuhi, jioni unavuna mabua. Kwa hiyo sisi watoto tulipelekwa kuamia, yaani kufukuza ndege. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, kichanja cha miti chenye ngazi ya vijiti na kipaa cha majani ya mkoma, na kutoka kwenye dungu kamba zilikwenda kila upande, zimefungwa makopo. Ndege wakitua, unavuta kamba, makopo yanalia, unapiga kelele, unarusha bonge la tope kwa kombeo. Wakipaa, unakaa. Wakirudi, unaanza tena. Mama zetu walikuwa ukingoni wakipanda upya migomba, nasi ndio tuliokuwa na chakula cha kijiji mikononi.

Kazi yenyewe hakuna inayochosha kuliko hiyo, na hapo ndipo Rehema alipokuwa malkia. Dungu la mama mkubwa lilikuwa katikati ya mashamba. Mwanzoni alituhadithia kwa kupaza sauti, kila mtu kwenye dungu lake. Lakini hadithi ya Rehema ilikuwa na mahali pa kunong'ona, na mnong'ono haufiki shamba la tatu. Basi mmoja akashuka akamsogelea. Mwingine akafuata. Baada ya siku chache watoto wote walikuwa chini ya dungu lake, wamelala kifudifudi kwenye nyasi, mmoja akitumwa mara mojamoja kwenda kutingisha makopo na kurudi mbio asipitwe.

Na mimi nilikuwepo. Nisingekosa. Ilikuwa hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa kijiji cha ng'ambo akiwa amevaa kanzu, na ilikuwa tamu, sikatai. Lakini Rehema alisema fisi akavuka mto kwa mtumbwi, kisha akaendelea na mambo ya karamu, nami nikaona pamebaki pengo. Nikauliza mtumbwi ulikuwa wa nani. Akajibu, wa mvuvi. Nikauliza, mvuvi alirudi vipi upande wake, maana mtumbwi fisi ameuacha ng'ambo. Watoto wakaguna. Rehema akanitazama kutoka juu, wala hakukasirika, alinihurumia tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Uji, rudi kwenye dungu lako," akasema. "Unatupoozea hadithi."

Nilirudi. Nilipanda ngazi nikilia, na ukweli ni kwamba nilipofika juu sikuwa na habari na ndege, nilikuwa na shughuli ya machozi. Yalipokwisha, kimya kikanizidi. Kule kwa Rehema walikuwa wanacheka. Nikasema vizuri, kama watu hawanitaki, nitawahadithia ndege. Nikasimama katikati ya dungu nikaanza, kwa sauti ya juu ili kicheko chao kisinifikie: leo niliamka, nikakunja mkeka, mkeka una tundu upande wa miguuni, tundu hilo lilitokana na kaa la moto, kaa hilo liliangukaje.

Wenzangu, sikunyamaza tena. Sikunyamaza siku hiyo wala kesho yake wala siku zilizofuata. Nilikuja asubuhi, nikapanda, nikaanza, na mikono ilikuwa ikivuta kamba yenyewe huku mdomo unakwenda. Nilizimaliza siku zangu zote nilizozikumbuka, nikaingia kwenye za kaka yangu, nikamaliza, nikaanza kueleza sufuria za Mama moja baada ya nyingine. Na kidogokidogo nikaona jambo. Kelele ya ghafla ndege huizoea. Kopo likilia wanaruka, likinyamaza wanarudi, maana wanajua mtoto kakaa. Lakini kwangu hawakupata pa kutua. Walikuja, wakazunguka juu ya dungu wakingoja ninyamaze, hawakuona dalili, wakaenda zao. Yaani niliwachosha hata ndege.

Kisha ikaja alasiri ya kundi kubwa. Nililiona likitokea upande wa juu wa mto, nikadhani ni moshi wa watu wanaochoma shamba, mpaka moshi ukageuka wote kwa pamoja na kushuka. Kule kwa Rehema, fisi alikuwa amefikishwa kwenye ndoa na kanzu imeanza kufunguka. Hakuna mtoto aliyekuwa na macho ya kitu kingine.

Nami nilipiga kelele ya hatari kwa namna ninayoijua. Nilisema, bila kubadili sauti, "Sasa natoka kwenye kuosha sufuria, nakuja kwenye ndege. Ndege wametokea upande wa juu. Wamepita kwenye mkoma mrefu, ule uliokatika kichwa. Wameangalia kwetu, hawakupapenda. Wamegeuka kulia. Wametua kwa mama mkubwa." Watoto waliisikia sauti yangu kama walivyoisikia siku zote, yaani hawakuisikia.

Lakini juu ya tuta, kwenye njia iliyozibwa na matete, alikuwa anapita Mama Godana na kibuyu chake. Alikuwa amesimama kunisikiliza kama kawaida yake. Nilikuwa namwona utosi tu. Nilipofika kwenye mkoma akajibu, "Ee." Nilipofika kulia, "Ee." Niliposema wametua kwa mama mkubwa, hakujibu. Alitua kibuyu chini, akakusanya nguo zake, akaingia mpungani na fimbo mkononi, akaipiga ngazi ya dungu la Rehema mpaka Rehema akakaribia kuanguka.

"Nyinyi watoto hapana sikia?" akasema. "Mtoto ile nasema ndege nakula, nyinyi nacheka."

Hapo ndipo walipotawanyika, kila mmoja kwao, makopo yakalia bondeni kote na kwelea wakanyanyuka wakaondoka. Mpunga mwingi uliokolewa. Kwa mama mkubwa pembe moja ilibaki mabua, na kwa wengine mashuke matupu yalionekana hapa na pale. Kwetu hapakuguswa shuke.

Mama alikuja jua limeshapoa. Habari zilikuwa zimemfikia. Alipita katikati ya mpunga kuanzia mwanzo wa shamba mpaka mwisho, viganja vimefunguliwa, akiyagusa mashuke anavyopita. Aliporudi akakaa chini ya dungu, kwenye tope, na leso yake safi. Nikashuka. Nikataka kufupisha, kwa kuwa nilijua amechoka. Akanizuia.

"Nieleze yote," akasema. "Usiruke kitu."

Nikamweleza. Macho yake hayakufumba.

Tulivuna. Shangazi akaja kutoka Bura kama walivyokuwa wamepatana, nami nilipomwona tu nikaingia ndani, nikafunga nguo zangu kwenye leso ya zamani, nikatoka nikasimama mlangoni na kifurushi kifuani. Mama akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia Bura. Akauliza nani kasema. Nikamwambia, wewe ulisema, kwa sababu nawachosha.

Mama akanivuta, akanikalisha mapajani ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kukalishwa. "Nilisema mpunga ukikataa," akasema. "Mpunga umekataa? Na wewe hujanichosha hata siku moja. Mimi nachoshwa na jembe. Nikija nikakaa, nikasikia sauti yako inaenda tu, haipandi wala haishuki, najua leo nyumbani kwangu hakuna kilichoharibika. Ndipo nafumba macho."

Shangazi naye akacheka, akasema ni yeye aliyeniomba mimi, tena kwa jina. Nyumba yake haikuwa na mtoto, mumewe alikuwa mtu wa maneno mawili kwa siku, na alitaka mtu wa kuongea mpaka giza liingie. Rehema angeishiwa na hadithi, akasema, lakini huyu haishiwi. Aliondoka na mchele badala yangu, na kila shule zikifungwa nilikwenda mwenyewe kwa hiari, nikampa habari za kwetu kuanzia kwenye ndala.

Hebu fikirini. Msimu mzima nilikuwa nimebeba moyoni kwamba mama yangu hanitaki, kumbe mimi ndiye niliyekuwa usingizi wake. Mpaka leo mtu akisinzia nikiwa naongea, sioni haya, naona nimemfanyia wema.

Lakini sijamaliza, na mnaonijua mnajua siwezi kumaliza kabla ya mwisho. Kwetu mpunga mpya hauliwi kwa kujificha. Mama aliwapikia majirani wote, wali na kambare wa mchuzi wa embe mbichi, vyungu viwili, kimoja akakipakua kwenye masinia na cha pili akakiacha jikoni kimefunikwa. Watoto wa madungu yote walikuwepo. Rehema alikuwepo, na mama mkubwa, na Mama Godana kwenye kigoda chake. Mikono ilikuwa imeshanawishwa. Mama akasimama mbele ya masinia, akiwa na mwiko.

"Wali huu una mwenyewe," akasema, akanishika bega. "Mtakula, na mtamsikiliza mpaka amalize. Chungu cha pili nitakifunua akishamaliza."

Watu wakacheka, wakakaa. Nami nikaanza pale panapostahili kuanzwa, kwenye kuamka. Nikakunja mkeka. Nikaeleza tundu la mkeka. Nikaeleza kaa la moto. Masinia yakawa yanapungua, wakubwa wakinitazama kwa heshima, watoto wakilitazama jiko, na hakuna aliyenyanyuka. Nikavaa ndala, nikapita tutani, nikafika shambani, nikaliona dungu. Hapo nikanyamaza kidogo ili nimeze mate.

Rehema alikuwa na tonge mkononi. Nilimwona ameliacha hapohapo, halijafika mdomoni, na wala hakuwa anatazama jikoni.

"Halafu?" akasema.

Nilimtazama Mama, na Mama alikuwa akitabasamu na macho yake wazi. Sikufanya haraka. Nilijiweka sawa kwenye mkeka, nikawaambia kwamba halafu niliweka mguu wa kulia kwenye kijiti cha kwanza cha ngazi, na kijiti hicho cha kwanza kilikuwa kigumu, kipya, amekitia kaka, lakini cha pili kilikuwa na ufa. Nikawaeleza na ule ufa.